Nilichomwambia Shangazi Majini

Kosa la kwanza nililofanya kwenye ule ufuo ni kupiga hodi.

Tulikuwa tumeteremka kilima cha mawe na vichaka vyenye harufu ya dawa ya kikohozi, mimi na wasichana wawili wa kozi yetu, mmoja Mreno na mwingine Mpolandi. Nilikuwa nimepata nafasi ya kwenda kisiwa kimoja cha Ugiriki kujifunza ufugaji wa samaki kwenye vizimba, majira yote ya joto. Siku za kazi tulinuka chakula cha samaki mpaka kwenye nywele. Jumapili hiyo Mreno akasema anapajua mahali pa kuogelea ambapo watalii wengi hawafiki kwa sababu hakuna barabara. Akaniambia mapema, kwa adabu, kwamba huko anayetaka kuvaa anavaa na asiyetaka havai.

"Hakuna anayelazimishwa," akasema. "Ukiona hupapendi, tunarudi wote."

Nikamwambia sina shida, mimi nimekulia Musoma. Hakuelewa Musoma inahusiana nini na habari hiyo, na mimi sikuwa na pumzi ya kumweleza huku nikitafuta pa kukanyaga.

Tulipofika kwenye jabali la mwisho, kabla hatujaonekana, miguu yangu ikasimama yenyewe. Nikakohoa kwa nguvu. Kisha nikaita, kwa Kiswahili, "Hodi huko! Tunapita!"

Nyumbani huwezi kushuka ziwani kama unaingia sokoni. Mabomba ya mtaa wetu wa Mwisenge yakikauka, na yanakaukaga, watu wanachukua ndoo na sabuni wanaenda kwenye maji. Kuna upande wa wanaume na upande wa wanawake, katikati majabali. Anayekuja anakohoa, anaita, anangoja. Walio majini wanajibu "Pita" au "Ngoja kwanza," na anayengoja anageukia vichakani. Wanawake wako kama walivyozaliwa, wanajisugua, wanafua, wanasutana, na hakuna anayeona chochote. Jioni unakutana dukani na mama uliyemsugua mgongo asubuhi, unamwamkia shikamoo, na ule mgongo haumo kabisa katika maongezi yenu. Maneno nayo ni hivyo hivyo. Nikiwa mdogo niliwahi kuropoka mezani jambo nililolisikia majini kuhusu mume wa jirani. Mama alinifinya paja chini ya meza, akaendelea kupakua mboga, na nikawa nimeelewa somo zima.

Kule Ugiriki hakuna aliyejibu "Pita." Wote waligeuka wakanitazama. Mzee mmoja mwenye kitambi kilichoiva kwa jua, asiye na kitu mwilini ila kofia ya ukili, alikuwa akikata tikiti maji. Akainua kisu akakipunga. Wengine nao wakapunga mikono. Mpolandi alicheka mpaka akakaa chini.

"Umewaambia nini?"

"Nimewaomba ruhusa."

"Ruhusa ya nini?"

"Ya kuwaona."

Mreno akaacha kucheka, akaniangalia kwa makini. Nikamwuliza upande wa wanawake uko wapi. Akasema hakuna upande.

Hapo ndipo niliposhtuka. Uchi wenyewe haukunipa taabu. Nimeuona tangu sijajua kuhesabu. Kilichonishtua ni kwamba lile jabali la katikati halikuwepo. Chuoni nilikuwa na sifa ya kuhoji kila kitu. Nilimhoji mhadhiri, nilimhoji mchungaji, niliwahoji wajomba kwa nini msichana aulizwe ataolewa lini na kaka yake aulizwe atanunua gari lini. Lakini sikuwahi kulihoji jabali. Nilidhani mawe ya ziwani yaliwekwa pale na Mungu kwa kazi hiyo.

Nikajifunga kitenge kifuani, nikaenda kukaa mwisho kabisa wa mchanga, nyuma ya jiwe dogo lililoweza kuficha labda mbuzi. Bibi mmoja wa Kigiriki alikuwa hapo anamenya matango, maziwa yake yamelala juu ya tumbo kwa amani kabisa. Alinipa kipande cha tango. Nikaingia majini na kitenge changu, nikatoka, nikakaa natetemeka kwa upepo. Bibi akanigusa bega, akaonyesha kile kitenge, akajikumbatia na kutetemesha meno, akatikisa kichwa. Sikuhitaji mkalimani. Mama yangu amenisemesha hivyo hivyo mara zisizo na idadi: vua hiyo nguo mbichi utapata homa.

Nikavua.

Nilirudi majini bila kitu. Ile chumvi iliniingia puani ikanichoma, mimi niliyezoea maji baridi ya ziwa, lakini ilinibeba kwa namna ambayo ziwa halijawahi kunibeba. Nililala chali, masikio ndani ya maji, nikitazama mbingu isiyo na wingu. Kwa muda fulani sikuuliza chochote. Si jambo linalonitokea mara nyingi.

Sitaki kusema palikuwa peponi. Mwanamume mmoja mwenye miwani myeusi aliniangalia, na nilijua ananiangalia. Huhitaji kuyaona macho. Yule mzee wa tikiti akamrushia maneno ya Kigiriki, mafupi, na mwenye miwani akageuza taulo lake akalala akielekea mlimani. Basi hata pale kulikuwa na namna ya kuona na namna ya kutoona, na mtu aliyevunja alionywa. Nilipoelewa hivyo nilitulia. Tulikula tikiti, tukavaa, tukapanda kilima. Hakuna aliyepiga picha, na wala sikuwaza kwamba nimefanya jambo la kusimuliwa.

Nilimsimulia mtu mmoja tu, na huyo ni shangazi yangu.

Shangazi ni fundi cherehani Bunda, dada yao baba na baba mkubwa. Aliachika angali kijana, akarudi kwa kaka zake na cherehani yake, hakuolewa tena. Yeye ndiye aliyenifundisha kuuliza "Nani kasema?" Nikiwa shule ya msingi nilikuwa nashinda kwake likizo nikiokota pini sakafuni, na kila mteja akileta habari za mtaani, shangazi alimtazama juu ya miwani: "Nani kasema? Ulikuwepo?" Nadhani nilikwenda chuo kikuu kwa sababu ya maneno hayo.

Ndiye pia aliyenisimamia. Katika ukoo wetu msichana akitaka kwenda mbali, lazima mtu mzima mmoja amsimamie mbele ya baba mkubwa, kule Butiama. Na anasimama kweli, kwa miguu yake, anasema, "Huyu ni wangu. Akiharibikiwa, niulizeni mimi." Bila hayo huendi, hata uwe umefaulu namna gani. Kabla sijaenda Ugiriki shangazi alisimama kabla hata baba mkubwa hajamaliza kuuliza. Alisimama kwa haraka hadi akamwaga chai.

Niliporudi alikuja Musoma kunipokea. Maji yalikuwa yamekatika, tukashuka ziwani sisi wawili, asubuhi, wengine wakiwa wameshaondoka. Nilikuwa namsugua mgongo.

"Haya, nambie sasa," akasema. "Wazungu wanaogaje?"

"Kama sisi tu."

"Uongo! Wanaoga na nguo, nimeona kwenye simu."

"Wengine. Wengine hawavai kitu."

Akageuka, povu mpaka kidevuni. "Wanaume upande wao?"

"Hakuna upande, shangazi. Wote pamoja."

"Na wewe ukavua?"

"Nikavua."

Aliacha kujisugua. Kisha akacheka kicheko kile chake cha kujipiga mapaja, maji yakaruka. "Na wale wazee? Vimelala au vinaamka?"

"Shangazi!"

"Nauliza tu. Si ndiyo kusoma?"

Nikamweleza yote, kuanzia hodi mpaka bibi wa matango. Alinifanya nirudie ile hodi mara kadhaa, na kila nilipoirudia alicheka upya. Tulipokuwa tunafunga khanga, akafuta macho, akasema, "Hayo baba yako asiyasikie. Na mdogo wako ndiyo kabisa, bado yuko shule, utamchanganya."

Nikakubali. Sikuona cha kuhoji.

Mdogo wangu wa kike alimaliza kidato cha sita akapata nafasi ya kusoma ufamasia Uturuki, karibu kila kitu kikilipiwa. Alikuwa ameitafuta mwenyewe kwa simu yenye kioo kilichopasuka, amejaza fomu mwenyewe, amefanya usaili mwenyewe akiwa amejifungia chumbani ili majogoo wa jirani wasisikike. Kilichobaki kilikuwa Butiama.

Tulikwenda Jumamosi na pikapu ya baba, ile anayobebea saruji za dukani kwake. Shangazi alikuja kutokea Bunda. Sebuleni kwa baba mkubwa viti vyote vina vitambaa vya kufuma, na ukikaa lazima ukae wima visianguke. Tulikunywa chai na viazi vitamu. Baba mkubwa, mwalimu mstaafu, alimwuliza mdogo wangu maswali mazuri: ataishi wapi, atasoma kwa lugha gani, dini za huko zikoje. Alijibu yote. Mikono alikuwa ameikalia.

Kisha baba mkubwa akanigeukia mimi. "Huko Uturuki na kule ulikokwenda wewe ni mbali?"

Napenda majibu sahihi. Ni ugonjwa wangu. "Jirani kabisa, baba mkubwa. Vipo visiwa vya Ugiriki ambavyo ukipanda kilima unaiona Uturuki kwa macho."

Mdogo wangu akanitupia jicho la shukrani. Baba mkubwa naye akafurahi. "Kumbe ni njia iliyozoeleka! Dada mtu kaenda, karudi salama. Haya. Nani anamsimamia?"

Tukamtazama shangazi. Hapakuwa na mtu mwingine wa kumtazama. Yeye akaweka kikombe chini taratibu.

"Kaka, huyu sitamsimamia."

Nilidhani anatania. Huwa anaanza hivyo utani wake.

"Nilimsimamia huyu mkubwa," akasema, bila kuniangalia, "na aibu niliyopata naijua mwenyewe. Nilinyamaza kwa ajili ya baba yao. Lakini leo mnaniambia nisimame tena, na ni jirani kabisa, mnaiona kwa macho. Siwezi. Mwulizeni alikuwa anaogaje huko."

Akawaambia. Alieleza vizuri, shangazi ana kipaji cha kueleza. Lakini hodi haikuwemo, wala yule bibi, wala kitenge, wala mzee aliyemkemea mwenye miwani. Kulikuwa na wanaume uchi na kulikuwa na mimi. Kila nilichompa kikiwa kimevaa, yeye alikileta sebuleni kikiwa kimevuliwa.

Ningeweza kusema ni uongo, na nusu yake ulikuwa uongo. Ningeweza kumwuliza: Nani kasema? Ulikuwepo? Badala yake yalinitoka maneno ambayo mtu wa kwetu tu ndiye angeyatoa:

"Shangazi, hayo nilikwambia ziwani!"

Kitambaa cha kiti changu kikaanguka.

"Kwa hiyo ni kweli," akasema baba mkubwa.

Baba yangu hakupandisha sauti. Aliuliza nilikuwa na nani, nikasema wasichana wenzangu. Akauliza kama wanaume walikuwepo. Nikasema walikuwepo. Akaitikia kwa kichwa, kama anavyofanyaga mteja akimwambia bei ya dukani kwa jirani ni nafuu, akatoka nje akaenda kukagua tairi.

Nikasimama. "Nitamsimamia mimi mdogo wangu."

Baba mkubwa hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alinionea huruma. "Kaa chini, binti. Wewe mwenyewe nani amekusimamia? Aliyekusimamia huyo hapo, amekaa."

Ikaamuliwa asome hapa hapa nchini. Mwanza kuna vyuo vizuri, akasema baba mkubwa, na ni karibu, mtu anaweza kwenda asubuhi kumwangalia akarudi jioni. Mdogo wangu alisema asante. Ndivyo tulivyolelewa, ukiamuliwa, unasema asante. Shangazi akaomba maji ya kunywa.

Katika pikapu nilikaa katikati, baba kulia akiendesha, mdogo wangu dirishani. Tukaanza kuziona nyumba mpya za Bweri, pale mji wa Musoma unapoanzia. Baba akasimama kununua vocha. Ndipo mdogo wangu akasema, akiangalia nje:

"Kwa nini ulimwambia yeye?"

"Nilimwamini."

"Na mimi?"

"Alisema nisikwambie. Kwamba utachanganyikiwa."

"Na wewe ukakubali," akasema. "Wewe unayehoji kila kitu."

Baba akarudi, akawasha gari.

Wiki iliyofuata nilipanda gari hadi Bunda. Shangazi alikuwa kwenye kibaraza chake, anashona sare za kwaya, kitambaa cha zambarau kimejaa miguuni.

"Umekuja kunitukana?"

"Nimekuja kuuliza."

"Uliza."

Njiani nilikuwa nimepanga maswali mengi. Likatoka moja. "Kwa nini ulicheka?"

"Lini?"

"Majini. Kama ilikuwa aibu, mbona ulicheka?"

Akapeleka mshono mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno. "Nilicheka kwa sababu inachekesha. Ile hodi yako mpaka leo nikiikumbuka nacheka peke yangu hapa, watu wananiona mwehu."

"Halafu ukaenda kuisema Butiama."

"Hodi sikuisema."

"Ndiyo maana nauliza."

Akavua miwani. Bila miwani macho yake yanaonekana madogo, ya mtu mwingine. "Sikiliza, mama. Wewe una shahada. Ukikorofishana na ukoo unapanga chumba mahali. Mimi hiki kibaraza ni cha nani? Kiwanja kina jina la kaka. Nikimsimamia na huyu, halafu siku moja habari zako zikaletwa na mtu mwingine, wataniuliza mimi: ulijua? Na kweli nilijua. Ningewaambia nini?"

"Ungewaambia tumekua."

"Wewe umekua. Mimi ni dada yao aliyeachika."

Nilielewa. Hilo ndilo linaloudhi mpaka leo, kwamba nilielewa kila neno. Nikamwuliza kama alianza kuwaza hivyo baada ya kusikia habari za Uturuki, au kabla.

"Palepale majini," akasema. "Uliposema umevua. Nikajua: wa pili simsimamii."

Yaani nilikuwa namsugua mgongo. Alikuwa anacheka, anajipiga mapaja, ananiambia nirudie hodi, na tayari alikuwa ameshampima mdogo wangu na kumwacha. Nimejaribu mara nyingi kukikumbuka kile kicheko nione kama kulikuwa na dalili. Hakuna. Kilikuwa kicheko cha kweli, na uamuzi ulikuwa wa kweli, vyote kwa mtu mmoja ndani ya maji yale yale.

Nikamwomba ampigie baba mkubwa, amwambie alitia chumvi. Nafasi ya mdogo wangu ilikuwa bado haijafungwa, kulikuwa na siku chache.

"Sitampigia."

"Hata kwa ajili yake?"

"Nikisema hapa nilitia chumvi, watauliza na siku ile niliyosimama kwa ajili yako nilitia nini."

Akaja mteja, mama wa kwaya, kupima sare. Shangazi akavaa miwani yake, uso ukamchanua. "Karibu, karibu! Huyu ni mwanangu," akamwambia, akinishika mkono, "huyu kasoma mpaka Ulaya."

"Hongera sana," mama akasema.

Nikamwamkia, nikaondoka. Shangazi hakuniita nirudi. Niliisikia cherehani ikianza kabla sijafika barabarani.

Nafasi ilifungwa. Mdogo wangu yuko Mwanza, anasoma kitu ambacho hakukichagua, na anafaulu. Kwa shangazi bado anakwenda sikukuu, anashonewa nguo, wanacheka; sijui wanacheka nini. Kwangu ni mpole. Nikimpigia ananiambia hali ya hewa na ubwabwa wa hosteli. Mimi nafanya kazi kwenye vizimba hapa hapa Musoma, sato wetu wanakua, baba anaongea nami kuhusu sato.

Mwezi uliopita simu ya mdogo wangu ilipokelewa na msichana anayeishi naye chumba kimoja. Akaniambia bila kujua kwamba anasema jambo, kwamba mwenzake ndiyo kwanza katoka hospitali, alikuwa amelazwa kwa malaria, sasa anaendelea vizuri, amekwenda kufua. Jioni nikampata mwenyewe.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nimeshapona, dada."

"Ningekuja hata siku hiyo hiyo. Ungeniambia tu."

Aliponiuliza hakuwa na hasira, aliuliza kama mtu anayetaka kujua kabla ya kuamua.

"Na wewe ungemwambia nani?"